Programu ya wanyama wawindaji hai kwa wanafunzi: maana na mipaka yake

Programu ya wanyama wawindaji hai ni utaratibu wa kufundisha unaowakutanisha wanafunzi, chini ya uangalizi wa mtunzaji aliyefunzwa, na mnyama aishiye kwa kuwinda, kama vile duma, simba, fisi au bundi, ili umbo na mwenendo wake viwafunulie jinsi anavyopata chakula na nafasi aliyo nayo miongoni mwa viumbe wengine. Ili programu iitwe hivyo, sharti awepo mnyama, awepo mtu anayemfahamu vyema, na liwepo somo lililopangwa kabla ya siku ya ziara. Basi la shule likiwashusha watoto mbele ya kizimba cha simba, wakapiga kelele, wakala chipsi na kurejea mtaani kwao Buruburu, Nairobi, hayo yamekuwa matembezi tu, hata kama barua waliyopelekewa wazazi iliyaita ziara ya masomo.

Mnyama anayetumiwa hatakiwi kutolewa porini kwa kazi hiyo. Kwa kawaida ni yatima, majeruhi, au aliyeokolewa mikononi mwa walanguzi, na ambaye hawezi tena kujitegemea. Mtoto wa duma, kwa mfano, hukaa na mama yake kwa takriban mwaka mmoja na nusu akijifunza kunyemelea na kukaba, kwa hiyo aliyelelewa kwa chupa na binadamu hukua bila stadi hizo, na kumwachilia ni kumhukumu kufa njaa. Jijini Nairobi, kituo cha wanyama mayatima kilicho karibu na lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kimekuwa kikiwapokea wanyama wa namna hii tangu mwaka 1964, na vizazi vya wanafunzi wa shule za msingi vimemwona simba kwa mara ya kwanza pale.

Kwa nini mwindaji, ilhali swara ni wengi na hawana hatari kubwa? Sababu iko katika hesabu ya chakula. Nishati inapotoka kwenye nyasi kwenda kwa swara, na kutoka kwa swara kwenda kwa simba, sehemu kubwa hupotea njiani kwa joto na mwendo, na kwa makadirio ya jumla ni asilimia 10 hivi tu inayofika katika ngazi inayofuata. Ndiyo maana wawindaji huwa wachache popote walipo, na huwa wa kwanza kupungua mazingira yanapoharibika. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwahesabu simba 2,589 katika Kenya nzima. Mwanafunzi anayefuata mtaala wa umilisi, ule unaokazia stadi kuliko kukariri, anaweza kukariri mnyororo wa chakula kutoka ubaoni, lakini akisimama hatua chache kutoka kwa duma na kuoneshwa mkia mrefu unaomsaidia kukata kona, kucha zisizofichika kikamilifu kama za paka, na kifua kipana cha kuvutia hewa katika mbio za mita mia chache, anaanza kuuliza maswali ambayo ubao haukumchochea kuyauliza. Fisi naye hufaa sana, pengine kuliko simba, kwa kuwa watoto huja wakiamini kwamba yeye ni mla mizoga tu, kumbe fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na jike ndiye mkubwa na ndiye mtawala wa ukoo.

Mfano unaotajwa sana unatoka Namibia. Shirika la kuhifadhi duma liitwalo Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa mwaka 1990, lilimlea duma aitwaye Chewbaaka, yatima ambaye kwa miaka mingi alikutanishwa na wanafunzi na wafugaji katika nchi ambayo wakulima walikuwa wakiwaua duma kwa kuwahesabu kuwa maadui wa mifugo. Mnyama huyo hakwenda peke yake: pamoja naye yalikwenda maelezo ya jinsi ya kulinda mbuzi na ndama, pamoja na mpango wa kuwapa wafugaji mbwa wa ulinzi. Bila sehemu hiyo ya pili, mfugaji angempenda Chewbaaka na bado angempiga risasi duma wa shambani kwake.

Kwetu Kenya pia wanafunzi si wa aina moja. Mtoto wa mtaa wa Umoja, Nairobi, humjua simba kwa picha, ilhali mtoto wa Kitengela, upande wa kusini ambako Mbuga ya Nairobi haina ua, huweza kuamka na kukuta ng'ombe ameuawa. Richard Turere, aliyebuni taa zinazomulika kwa zamu ili kuwatisha simba wasikaribie boma la familia yake, alikuwa mvulana wa upande huo. Programu inayowaeleza watoto wote wawili kwamba simba ni mzuri na apendwe humpuuza yule wa pili. Yeye anahitaji somo la boma imara.

Ubishi mkubwa unahusu kugusa. Wapo wanaodai kwamba mtoto asipomgusa mnyama hatakumbuka lolote. Mimi sikubaliani nao. Mguso humfundisha mtoto kwamba duma ni paka mkubwa wa kupapaswa, na biashara haramu ya kuwasafirisha watoto wa duma kutoka Pembe ya Afrika hadi nchi za Ghuba inastawi kwa wazo hilo hilo. Tena duma ni mwoga kwa asili, kiasi kwamba bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, huwaoanisha duma wake wa mafunzo na mbwa watulivu ili wasihangaike mbele ya umati. Kwa hiyo kimya, umbali na muda mfupi ni sehemu ya somo lenyewe. Nchini Kenya, tena, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na mwalimu ana haki ya kuomba kukiona kabla ya kulipa.

Kwa shule isiyo na bajeti kubwa, bundi anatosha. Katika nyumba nyingi mlio wake huchukuliwa kuwa tangazo la kifo, na watoto humrushia mawe. Mtunzaji akimsimamisha kwenye glavu na kueleza kwamba kingo za manyoya yake hulainisha upepo ili panya asisikie mbawa zikija, darasa husikiliza. Baadaye, wanyama wakiwa wamekwisha kurudishwa kituoni, mwalimu huweza kuyaleta mabonge ambayo bundi huyatapika baada ya kula, yakiwa yamekaushwa na kuchemshwa kwa mvuke ili kuua vijidudu. Wanafunzi huyafumua kwa kibano, hutenga taya za panya na mifupa ya ndege, na kuihesabu darasani.