Goma ilianguka au ilikombolewa? Kuhusu sitiari za habari za vita

Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mji wa mashariki mwa Kongo (DRC), na habari zikagawanyika hapo hapo, wengine wakaandika Goma imeanguka, M23 na kurasa zinazowaunga mkono wakasema imekombolewa, Kinshasa nao wakasema imevamiwa. Mi nachambua lugha ya habari na hizi sitiari ndo kitu cha kwanza naangalia, maana ukisema mji umekombolewa ushamwambia msomaji kwamba ulikuwa kifungoni na anayeushikilia sasa ni mkombozi, ushahidi hujatoa ila picha imeshaingia kichwani.

Lakini hao hawanisumbui sana, upande wao unajulikana. Kinachoniumiza ni vyombo vinavyosema havina upande, halafu kila siku ni mapigano yamepamba moto, vita vimelipuka upya, wimbi la wakimbizi. Moto, mlipuko na wimbi havina kamanda wala mtu anayelipia risasi. Na Goma jamani mlipuko wa kweli wanaujua, volkano ya Nyiragongo ililipuka 2002 na tena 2021 na hakuna aliyeiamuru. Hivi vita vina watu. Ripoti ya wataalamu wa UN ya Julai 2024 ilikadiria kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa pamoja na M23 huko Kivu Kaskazini (Kigali inasema ni hatua za kujihami), upande wa pili kuna FARDC (jeshi la Kongo), kuna Wazalendo (wanamgambo wanaopigana upande wa serikali), kuna FDLR (waasi wa Kihutu kutoka Rwanda). Ukiandika vita vimelipuka wote hao wanafutika, na mhariri anaona ametenda haki kwa kila upande, wakati kutomtaja mtu ndo msimamo wenyewe.

Wimbi ndo naliona baya zaidi, kwa sababu linageuza watu kuwa maji, na maji yakija unafikiria kuyazuia tu, huulizi yametendwa nini. Februari 2025 watu wa kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo waliambiwa na M23 waondoke ndani ya saa 72, wakang'oa vibanda na kubeba turubai zao, wengi kwao ni Masisi na Rutshuru huko huko Kivu Kaskazini, baadaye M23 wakasema kurudi ni hiari. Sasa andika "wimbi la wakimbizi larejea Masisi" uone kama kuna msomaji atajua kulikuwa na amri.