Vitufe Vikigoma, Usianze na Bisibisi

Laptopu ya zamani ikiletwa mezani kwangu kwa maelezo kwamba "kibodi imekufa", kitu cha kwanza kushika ni kalamu. Nafungua ukurasa mtupu, nabonyeza kitufe kimoja kimoja kuanzia safu ya juu hadi ya chini, na kuandika pembeni vile visivyoitika. Orodha hiyo huniambia mengi kuliko mwenye mashine.

Vitufe havina waya kila kimoja na wake. Chini yake kuna mistari ya wima na ya mlalo, na kila kitufe kimekaa pale mistari miwili inapokutana. Mistari 8 ikikatana na 16 unapata makutano 128 kwa nyaya 24 tu. Kidhibiti, yaani chipu inayosoma kibodi, huipitia mistari hiyo tena na tena kikitafuta palipobonyezwa. Sasa mstari mmoja ukikatika, vitufe kadhaa hufa kwa mpigo, na wala si lazima viwe jirani. Ndiyo maana vitufe vitano vikigoma asubuhi moja siwazi vumbi. Nawaza utepe, yaani waya bapa unaounganisha kibodi na mashine, uliolegea kwenye soketi yake, au kimiminika kilichokula mistari.

Kitufe kimoja kikigoma peke yake, hapo vumbi linaweza kushtakiwa. Inua kofia yake taratibu kwa kitu chembamba cha plastiki, tazama kama kipira cha chini kimehama au klipu imevunjika, kisha safisha kwa pamba iliyoloweshwa kidogo spiriti ya isopropili, mashine ikiwa imezimwa. Kofia ndefu, kama ya kitufe cha nafasi, zina kijiti cha chuma kwa ndani. Kukirudisha kunahitaji subira, na wengi hukipinda.

Kuna mengine si ugonjwa kabisa. Ukiona U, I na O zinaandika 4, 5 na 6, Num Lock imewashwa, basi. Kama vitufe vinaitika pale tu unapovikandamiza kwa muda, huenda Filter Keys, mpangilio unaopuuza mibonyezo mifupi, imejiwasha: kwenye Windows inatosha kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Nimewahi kufungua mashine nzima kabla ya kukumbuka hili, na sijivunii.

Baada ya hapo chomeka kibodi ya nje ya USB. Ikifanya kazi vizuri huku ya ndani ikigoma, tatizo karibu hakika ni la kibodi yenyewe au utepe wake. Zikivurugika zote mbili, tafuta kitufe kilichonasa chini, hasa Ctrl, au kasoro kwenye programu. Unaweza pia kujaribu ukiwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ambako Windows haijaingia. Ila usijaribie kwenye sehemu ya kuweka nywila! Nywila iliyoandikwa kwa kibodi inayoruka herufi itakufungia nje ya mashine yako mwenyewe.

Ukilazimika kufungua, tenga chaja na betri kwanza. Betri ikiwa imevimba na kuisukuma kibodi kutoka chini, umeshampata mchawi. Usiitoboe wala kuikandamiza, na mashine isitumike tena mpaka itolewe. Kwenye laptopu nyingi za zamani kibodi hutoka kwa skrubu chache tu za chini. Usiivute kwa pupa, maana utepe ni mfupi. Fungua kifungio cha soketi, toa utepe, futa ncha zake, uurudishe ukiwa umenyooka, kisha funga.

Kama bado, mistari ya ndani imeliwa. Imechapwa juu ya plastiki nyembamba, na kuitengeneza mara chache kunalipa. Badilisha kibodi nzima, lakini nunua kwa namba ya kifaa iliyo kwenye lebo ya mgongoni mwa kibodi, usitegemee jina la laptopu pekee. Laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na tepe zinazotoka sehemu tofauti, na hutalijua hilo mpaka umeshafungua skrubu zote.