Kambi ya sayansi iombe vyuma vilivyovunjika

Chukua kibanio cha nywele cha chuma, kishike kwa koleo, kichome kwenye moto wa gesi mpaka kiwe chekundu. Kitoe polepole, kiache kipoe chenyewe, kisha kikunje: kinapinda kama waya wa kufungia na hakirudi. Chukua cha pili, kichome vilevile, ila hiki kitose papo hapo kwenye maji baridi. Ukijaribu kukikunja, kinakatika pa!

Kwangu mimi, kwenye kambi ya sayansi ya vijana, dakika hizo chache zinazidi mihadhara ya wiki nzima. Chuma kilekile, moto uleule. Tofauti ni kasi ya kupoa. Chuma chenye kaboni kikivuka takriban nyuzijoto 730, atomi zake hujipanga upya na kaboni huyeyuka ndani yake. Kikipoa taratibu, kaboni hupata muda wa kujitenga. Kikipozwa ghafla, hunaswa humo humo, na chuma huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kipashe moto tena kidogo, kama nyuzi 300, mpaka kigeuke buluu, na unyumbufu unarudi. Kijana huipata rangi hiyo baada ya kuharibu vibanio vitano au sita. Aharibu tu, ni vya bei rahisi.

Waandaaji wengi wa kambi za likizo hupeleka viwandani barua ya kuomba fedha, wakarudi na fulana zenye nembo. Fedha zinahitajika, maana asiye na nauli naye ana haki ya kuja. Lakini ningeanza kuomba pipa la vyuma chakavu: gia iliyong'oka meno, shafti iliyokatika. Shafti iliyokatika kwa uchovu wa metali, yaani ufa uliokua kidogo kidogo kwa kubebeshwa mzigo tena na tena, mara nyingi huwa na mistari iliyopinda kama ile ambayo bahari huiacha mchangani maji yakipwa. Ifuate inakoanzia, utafika ufa ulipozaliwa, pengine kwenye mkwaruzo usiozidi unene wa unywele.

Pamoja na pipa, omba mhandisi aliyeifungua mashine vilikotoka vyuma hivyo, akae siku mbili, si saa moja ya hotuba. Vijana watamuuliza kosa lilikuwa la nani.

Miwani ya kinga ivaliwe, nywele zifungwe, nguo za nailoni zikae mbali na moto. Msimamizi anayewapokonya vijana koleo apewe kazi ya kugawa chai. Na siku ya mwisho kila kundi lipewe kipande kilichovunjika, bila maelezo, huku mhandisi anayejua jibu akinyamaza mpaka wamalize kubishana.