Kadi si nguo: punguzeni matundu

Imetokea tena. Jumamosi iliyopita, kwenye darasa letu la kushona majani ya kitambaa juu ya kadi za karatasi za vuli, majira ya majani kupukutika, hapa Hamilton, Ontario, Kanada, dada mmoja aliyeshona nguo miaka mingi kuliko mimi aliketi kwenye cherehani, akashusha urefu wa mshono mpaka namba 1, yaani milimita moja, akalizungushia uzi jani la kitenge ukingo mzima. Alipoinua kadi, jani lilibaki mkononi mwake na utepe mwembamba wa karatasi pembeni. Kwenye kadi kulikuwa na dirisha zuri lenye umbo la jani.

"Lakini nimeweka mishono mifupi ili ikaze!"

Ndiyo maana, dada yangu. Umekaza mpaka umekata.

Nimeshachoka kulisema hili darasani, kwenye simu, hata kwenye foleni ya dukani. Mshono mfupi ni imara kwenye nguo. Kwenye karatasi ni msumeno. Kitambaa kimefumwa, sindano ikipita, nyuzi zinasogea kuipisha, kisha zinarudi kuubana uzi. Karatasi haina adabu hiyo. Ikitobolewa imetobolewa, mpaka Kiyama.

Tupige hesabu, maana wengine hawaamini mpaka waone namba. Sindano ya 80 ina unene wa milimita 0.8, hiyo 80 ndiyo maana yake. Ukishona kwa mshono wa milimita 1, kati ya tundu na tundu inabaki karatasi ya milimita 0.2. Hapo hujashona, umetengeneza mstari wa kuchania. Peleka mshono kwenye 3.5, inabaki karatasi ya milimita 2.7, na kadi inapumua. Kwenye mstari wa sentimita 10 unatoboa mara 28 hivi badala ya 100.

Watu wa stempu waliligundua hili zamani, ila wao walilitaka. Stempu ya kwanza ya Uingereza, ya 1840, haikuwa na matundu. Ilikatwa kwa mkasi. Kufikia 1854 zikawa zinatoka na matundu pembeni ili zichanike kwa mkono bila taabu. Wewe na mshono wako wa namba 1 mnafanya kazi ileile, bila mshahara wa posta.

Dhambi ya pili ni ndugu wa ya kwanza: kurudisha cherehani nyuma mwanzoni na mwishoni ili kufunga uzi. Usirudishe. Acha mikia ya uzi ya sentimita 10, ivute yote upande wa nyuma kwa sindano ya mkono, funga fundo, bandika kipande cha selotepu, basi. Nyuma hakutaonekana, kwa sababu utashona upande wa mbele peke yake kadi ikiwa imefunguliwa, kisha utabandika karatasi safi kwa ndani. Na kaa sentimita moja mbali na mkunjo.

Zigizaga ya kubana kuzunguka jani? Nimesikia mtu akiisifia kuwa inazuia kitambaa kuchanuka, yaani nyuzi za ukingoni kufumuka. Inazuia, naam, na inakata kadi pande mbili kwa mpigo.

Sasa nielezeni, nani aliwaambia jani lishonwe ukingoni? Jani halisi limeshikwa na mshipa wa kati. Shona hapo: mstari mmoja kutoka kikonyo hadi ncha, na vijishipa viwili vitatu vya pembeni kama una subira. Kingo ziache huru. Zitainuka kidogo, zitupe kivuli, na jani litaonekana limetua juu ya kadi sasa hivi likitoka mtini. Mtu aliyebandika jani zima kwa gundi halafu akalizungushia uzi amelizika.

Wasio na cherehani hawana hasara, pengine wana faida. Weka kadi juu ya kipande cha kandambili kuukuu, toboa matundu yote kwanza kwa pini ukiyahesabu, ndipo upitishe uzi wa kudarizi. Ule uzi una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Tumia mbili au tatu. Ukitoboa na kushona kwa wakati mmoja, mstari utayumba kama mlevi, na tundu la makosa halifutiki. Kwenye nguo unafumua na kupiga pasi. Hapa unaanza kadi nyingine.

Sindano iliyoshona karatasi isirudi kwenye nguo, imeshakuwa butu. Yangu naipaka rangi ya kucha kichwani. Na futeni vumbi la karatasi kwenye bobini, tafadhali, cherehani si zangu peke yangu.

Kitambaa: karatasi ikiwa ya gramu 250 au 300 kwa mita ya mraba, kitenge kinakaa vizuri. Chagua kile ambacho rangi imepenya pande zote mbili. Kilichochapwa upande mmoja kikichanuka kinatoa manyoya meupe. Kanga nyingi zina shida hiyohiyo, na mimi mkasi wangu haugusi jina la kanga hata kwa dawa. Likateni jani mshazari, nyuzi zipite pembe ya digrii 45 na mshipa wa kati, litachanuka kidogo tu.

Kuhusu kuchanuka huko, nimebadili msimamo mara tatu. Mwaka mmoja niliziba kingo zote kwa gundi, nikaona majani yamekuwa ya plastiki. Sasa naacha. Mwakani sijui. Hata hiyo 3.5 ninayoitangaza kwa sauti ya mwalimu si msahafu: nina kadi ya karatasi ya pamba niliyoishona kwa 2.5 na bado iko nzima ukutani, na ya gramu 160 imewahi kunichanikia kwa 3. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile.

Na hili neno "vuli". Kamusi inaniruhusu, lakini nilipomtumia mama kadi yenye "Heri ya vuli" kule Tanga, alinipigia simu: "Mwanangu, mvua zimeshaanza huko?" Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, haina habari na majani kupukutika. Tangu siku hiyo kadi za nyumbani nazishonea jani la mti wa mkungu. Linageuka jekundu kabla ya kuanguka, tena kwenye joto la pwani, bila baridi hata kidogo. Kadi za hapa naendelea na jani la mepo, lile la kwenye bendera ya Kanada, wanunuzi wanalitaka.

Mtu wa mwisho aliniuliza kama anaweza kuongeza kifungo cha koti katikati ya jani. Anaweza. Ila barua ya kawaida ya posta ya Kanada mwisho wake ni unene wa milimita 5, bahasha ikiwemo, kwa hiyo kabla hajalamba stempu apime kwa rula.