Utawala wa walowezi Rhodesia: yanayosemwa na yaliyokuwa

Kwa wengi wetu Rhodesia ni Ian Smith, waziri mkuu wake wa Kizungu, na bunduki. Bunduki zilikuwepo, lakini kwa zaidi ya miaka 40 kabla vita vya ukombozi havijapamba moto, utawala ule ulilindwa na makaratasi: daftari la wapiga kura, rejista ya ardhi, sheria ya kazi. Dhana nyingi potofu kuhusu nchi hiyo, ambayo leo ni Zimbabwe, hutokana na kuyaruka makaratasi hayo.

"Lilikuwa koloni la Uingereza kama Kenya, ila lenye Wazungu wengi zaidi"

Idadi ya Wazungu ni sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Rhodesia ya Kusini, jina la awali la nchi hiyo, ilitekwa na kampuni. Kampuni ya Cecil Rhodes, yenye hati ya kifalme ya mwaka 1889, iliingiza msafara wake wenye silaha mwaka 1890 na kuitawala nchi kwa faida ya wanahisa. Mwaka 1922 wapiga kura, karibu wote Wazungu, waliulizwa kama wanataka kujiunga na Afrika Kusini au kujitawala wenyewe. Kura 8,774 zilitaka kujitawala, 5,989 zikataka muungano. Oktoba 1923 walowezi wakapata serikali yao, na waziri mkuu wao, polisi wao na hazina yao.

Mwaka huohuo wa 1923 London ilitoa waraka wa Devonshire kuhusu Kenya, uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa. Waraka huo ulivunjwa mara nyingi kuliko ulivyofuatwa, lakini neno la mwisho lilibaki kwa Gavana na Ofisi ya Makoloni. Vita vya Mau Mau vilipoanza, masetla walihitaji majeshi ya Uingereza, na aliyeleta majeshi ndiye aliyeamua mwisho wake. Kule Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia (leo Harare), London ilibaki na haki ya kupinga baadhi ya sheria za kibaguzi, haki ambayo haikuitumia ipasavyo. Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, lililounganisha nchi ambazo leo ni Zimbabwe, Zambia na Malawi, lilipovunjwa mwishoni mwa 1963, ndege za kivita na sehemu kubwa ya jeshi zilikwenda kwa walowezi. Kwa hiyo walipoasi mwaka 1965 kwa kujitangazia uhuru, Uingereza haikuwa na kikosi chake ndani ya nchi ambacho ingekiamuru kitoke kambini.

"Waafrika walikatazwa kupiga kura"

Hakukuwa na sheria iliyosema hivyo, na hapo ndipo penye ujanja wote. Tangu 1898 sharti la kupiga kura halikutaja rangi. Lilitaja pesa. Mwanzo kipato kilikuwa pauni 50 kwa mwaka; kisha kikapandishwa hadi 100; mwaka 1951 kikawa 240; mwaka 1957 kikafika 720. Kila Waafrika wachache walipokikaribia kizingiti, kizingiti kiliinuliwa. Mwaka 1948 wapiga kura wote Waafrika nchini hawakufika 300.

Katiba ya 1961 ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu, maana watetezi wa utawala ule huitaja kama ushahidi wa nia njema. Iliweka madaftari mawili, A na B. Daftari A lilichagua wabunge 50, daftari B wabunge 15. Kuingia daftari A ulihitaji kipato cha pauni 720 kwa mwaka au mali ya thamani ya pauni 1,500. Kiwango kilishuka kwa mwenye elimu: aliyemaliza shule ya msingi alihitaji pauni 480, aliyesoma sekondari miaka minne pauni 300.

Sasa mchukue mwalimu Mwafrika wa miaka hiyo na umpitishe kwenye masharti hayo. Mshahara wa wastani wa mfanyakazi Mwafrika haukufika pauni 150 kwa mwaka, na wa Mzungu ulizidi pauni 1,000. Njia ya kipato imefungwa. Njia ya mali? Ardhi ya hifadhi, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika, ilishikiliwa kijumuiya, na mali ya kijumuiya haikuhesabika. Mjini Sheria ya Mgawanyo wa Ardhi ya 1930 ilimzuia kununua nyumba karibu kila mahali. Njia ya elimu? Shule ya kwanza ya sekondari ya serikali kwa ajili ya Waafrika, Goromonzi, ilifunguliwa mwaka 1946. Kabla ya hapo ilikuwa kubahatisha nafasi chache za misheni.

Katika uchaguzi wa Mei 1965 daftari A lilikuwa na Wazungu zaidi ya 90,000 na Waafrika 2,000 na ushee. Chama cha Smith, Rhodesian Front, kilichukua viti vyote 50. Watu wa daftari moja waliruhusiwa kupiga kura pia kwenye uchaguzi wa daftari jingine, lakini uzito wa kura hizo ulikatwa usizidi robo. Wapigania uhuru waliususia mpango mzima, na hata daftari B likabaki na watu wachache kuliko walioweza kujiandikisha. Wanaowalaumu kwa kususia wasisahau hesabu: hata wangevitwaa viti vyote 15 vya daftari B, Bunge lilikuwa na viti 65.

Katiba ya 1969 iliacha kuficha. Viti 50 vya Wazungu, 16 vya Waafrika, na nusu ya hivyo 16 vilijazwa kupitia machifu wanaolipwa na serikali. Viti vya Waafrika vingeongezeka kadiri mchango wao wa kodi ya mapato unavyokua, hadi kufikia nusu ya Bunge na si zaidi. Kodi ya mapato peke yake ndiyo iliyohesabiwa. Kodi zilizomgusa Mwafrika wa kijijini hazikuingia kwenye hesabu hiyo.

"Walowezi wote walikuwa na mashamba makubwa"

Wenye mashamba walikuwa elfu sita na kitu. Wazungu kwa jumla walikuwa takriban 228,000 kwenye sensa ya 1969, dhidi ya Waafrika karibu milioni 5, na wengi wao waliishi Salisbury na Bulawayo: makarani, mafundi, watu wa reli, wauza duka. Chini ya nusu walizaliwa nchini humo. Wengi waliingia baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Hawa ndio waliokiweka Rhodesian Front madarakani mwaka 1962, na sababu yao ilikuwa ajira kuliko ardhi. Sheria ya usuluhishi wa viwanda ya 1934 ilimwondoa Mwafrika katika maana ya kisheria ya "mwajiriwa". Kwa hiyo hakuweza kuwa katika chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa, hakuketi kwenye mabaraza ya mishahara, na uanagenzi wa ufundi ukafungwa kwake. Sheria ililegezwa mwaka 1959, na fundi Mzungu wa daraja la kati akaona mpinzani mlangoni. Mwenye shamba la tumbaku angeweza kuishi na Waafrika wachache bungeni. Fundi wa reli hakuona hivyo.

"Tamko la 1965 lilikuwa la kumkataa Malkia"

Kinyume chake. Tamko la uhuru wa upande mmoja, lililotiwa saini tarehe 11 Novemba 1965, lilimalizia kwa maneno ya kumwombea Malkia. Smith na wenzake walidai ni raia watiifu wa Elizabeth wa Pili wanaoikataa tu serikali ya Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza. Gavana Humphrey Gibbs aliwafukuza kazi kwa jina la Malkia huyohuyo. Nao wakamkatia simu, wakamnyang'anya gari, wakamwacha akae ndani ya Ikulu. Jamhuri ilitangazwa Machi 1970 tu. Hakuna nchi iliyoitambua rasmi, hata Afrika Kusini na Ureno zilizoibeba.

Wilson alikuwa ametamka hadharani, kabla ya tamko, kwamba hatatumia nguvu za kijeshi. Smith alilisikia hilo vizuri. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizitaka nchi wanachama zivunje uhusiano na Uingereza ifikapo tarehe 15 Desemba kama uasi haujazimwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizotimiza, na ikapoteza mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5. Nchi nyingi wanachama zilipiga kura ya ndiyo kisha zikanyamaza.

"Vikwazo vya kiuchumi ndivyo vilivyomwangusha Smith"

Au dhana pacha yake: kwamba havikufanya kitu. Zote mbili zina kasoro.

Baraza la Usalama liliweka vikwazo vya lazima Desemba 1966, vya kwanza katika historia ya Umoja wa Mataifa, na likavipanua Mei 1968. Manowari za Uingereza zilikaa nje ya Beira, bandari ya Msumbiji, tangu 1966 hadi 1975 kuzuia meli za mafuta, na kweli mafuta hayakupitia Beira. Yalipitia Lourenço Marques (leo Maputo) na Afrika Kusini. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1978 ulionyesha jinsi kampuni tanzu za Shell na BP zilivyohusika, kwa kipindi fulani zikibadilishana shehena na kampuni ya Kifaransa ya Total ili karatasi zionekane safi, na maofisa wa serikali walijua. Marekani nayo ilifungua mlango kwa sheria ya 1971 iliyoruhusu kununua kromu ya Rhodesia, na haikuufunga hadi 1977.

Ndani ya nchi vikwazo vilikuza viwanda, kwa kuwa bidhaa za nje zilizuiwa. Aliyeumia mapema ni mkulima wa tumbaku: zao lake lilikosa soko la wazi, serikali ikalinunua na kulirundika maghalani, naye akahimizwa kulima mahindi na pamba. Hata hivyo kila tani iliyovuka mpaka kwa siri iliuzwa chini ya bei na kila pipa lililoingia lilinunuliwa juu ya bei. Tofauti hiyo ilibaki mifukoni mwa madalali miaka kumi na minne.

Gharama nyingine ililipwa na majirani, na hili husahaulika. Zambia ilipata mafuta yake kupitia Rhodesia. Njia ilipofungwa, petroli ilianza kupelekwa kwa mapipa, kwa ndege na kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara mbovu iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA, la kilomita 1,710 kati ya Tanzania na Zambia, lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikakamilika 1975.

Kilichombana Smith hasa ni jiografia ilipogeuka. Ureno iliondoka Msumbiji mwaka 1975. Machi 1976 Samora Machel alifunga mpaka, na njia ya bahari ikabaki moja, ya Afrika Kusini. Mwaka huohuo Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, akitaka amani na majirani, aliiminya njia hiyo. Machi 1976 Smith alikuwa amesema haamini utawala wa walio wengi hata baada ya miaka elfu. Septemba alikubali uje ndani ya miaka miwili.

"Jeshi la Rhodesia lilikuwa la Wazungu watupu"

Kikosi cha Rhodesian African Rifles kilikuwa cha askari Waafrika chini ya maofisa Wazungu, na polisi wengi walikuwa Waafrika. Waafrika wa kwanza kupewa cheo cha ofisa jeshini walikipata mwaka 1977, vita vikiwa vimekaribia mwisho. Wazungu hawakuwa na watu wa kutosha: kila kijana aliyeitwa jeshini alitoka kiwandani au ofisini, na kadiri muda wa kuitwa ulivyorefushwa ndivyo familia zilivyofunga virago.

"Utawala wa wengi ulianza na Askofu Muzorewa, 1979"

Abel Muzorewa, askofu Mwafrika aliyeafikiana na Smith, alikuwa waziri mkuu wa nchi iliyoitwa Zimbabwe Rhodesia, na alichaguliwa kwa kura za watu wazima wote. Makaratasi, tena. Kati ya viti 100, Wazungu walitengewa 28. Kubadili vifungu vilivyolindwa kulihitaji kura 78, maana yake Waafrika wote 72 na Wazungu 6 juu yao. Tume zilizoajiri viongozi wa jeshi, polisi, mahakama na utumishi ziliachwa mikononi mwa Wazungu walewale. Vita havikusimama.

Mkataba wa Lancaster House wa kumaliza vita ulitiwa saini London tarehe 21 Desemba 1979. Lord Soames alikuwa ameshafika Salisbury kama gavana, na kwa miezi minne nchi ikatawaliwa na mtu wa London, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa vitendo tangu Rhodes. Uchaguzi wa 1980 uliipa ZANU-PF ya Robert Mugabe viti 57, PF-ZAPU ya Joshua Nkomo 20, chama cha Muzorewa 3. Wazungu walibaki na viti 20 vya kutengewa hadi 1987, na mwaka 1980 chama cha Smith kilivichukua vyote. Vifungu vya ardhi vilidumu miaka kumi: serikali iliweza kununua shamba kwa bei ya soko, kwa fedha inayoweza kupelekwa nje, na hasa pale mwenyewe alipotaka kuuza. Mwaka 1982 iliahidi kuhamishia kwenye mashamba hayo familia 162,000. Kufikia 1990 familia zilizokuwa zimepata ardhi zilikuwa kama 52,000.