Radi haitumwi: tunayoyasema Kigoma kuhusu anga na wanyama, na ukweli wake

Mvua za msimu zikikaribia, ukitoka uani usiku, iwe Mwanga, Gungu au kule Ujiji, utaona upande wa magharibi, juu ya milima ya Kongo, anga linawaka na kuzima bila mlio wowote. Wapo watakaokwambia hiyo ni radi inayojaribiwa na wataalamu wa uchawi wa ng'ambo ya ziwa kabla ya kutumwa kwa mtu. Wengine watasema ni joto tu la anga, halina madhara. Wote wameona vizuri, ila sababu waliyoitoa si yenyewe. Dhana nyingi za huku kwetu ndivyo zilivyo. Watu wa Kigoma wanaishi kwa kutazama ziwa na mawingu, na macho yao ni makali. Tatizo ni maelezo tunayoyabandika juu ya kile tulichokiona, na mengine yanaua.

Ule umeme wa kimya ni radi kamili. Ngurumo kwa kawaida haisikiki zaidi ya kilometa 15 au 20, na Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilometa 50. Mwanga unavuka, sauti inaishia njiani. Ziwa lenyewe nalo linachangia kuzileta hizo radi. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kuja juu. Usiku mambo yanageuka: milima ya pande zote mbili inapoa, hewa yake inateremka hadi juu ya maji ambayo bado yana uvuguvugu, inakutana huko, inapanda na unyevu mwingi, na mawingu makubwa yanajengeka. Wavuvi wanaijua dhoruba ya usiku wa manane bila kufundishwa na mtu. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, na milima, joto na unyevu vinatosha kueleza kwa nini.

Sasa hiyo ya kutumwa. Ndani ya wingu la mvua, chembe za barafu na vijiwe vya mvua ya mawe hugongana na kupeana chaji za umeme. Nyepesi hupanda na chaji ya aina moja, nzito hubaki chini na chaji ya aina nyingine. Tofauti ikizidi, umeme unapasua hewa na kuipasha joto hadi nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa iliyotanuka ghafla namna hiyo ndiyo ngurumo. Umeme huo haujui jina la mtu wala deni lake. Unatafuta njia fupi ya kufika ardhini, na mara nyingi njia hiyo ni kitu kirefu kilichosimama peke yake.

Swali linaloulizwa msibani huwa moja: "Walikuwa wanne chini ya mwembe, mbona imemchukua mmoja?" Ni swali la haki na linastahili jibu. Radi ikipiga mti hushuka kwenye shina, kisha huweza kuruka pembeni kwa aliye karibu zaidi na shina. Iliyofika chini husambaa kwenye udongo. Aliyesimama miguu imeachana huipitisha mwilini kwa nguvu zaidi kuliko aliyebana miguu. Ng'ombe wana hali mbaya kuliko sisi kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali, na ndiyo maana wanakufa wengi kwa pigo moja. Tofauti ya hatua mbili tatu inatosha kutenganisha anayekufa na anayepona. "Na nyumba ile imepigwa mara mbili?" Nyumba iliyo kileleni itaendelea kuwa kileleni. Radi hurudi palepale mara nyingi tu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nyuma ya kila "radi ya kutumwa" kuna mtu anayetafutwa aliyeituma, na anayepatikana mara nyingi ni bibi mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho yale yameharibiwa na moshi wa kuni alizopikia miaka yote, akiwalisha haohao wanaomnyooshea kidole. Wazee wa magharibi ya nchi hii wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Hakuna dhana nyingine katika hizi inayonisumbua kama hii.

Mvua ikianza, utasikia nyumba nzima inaamriwa kufunika kioo na kuvua nguo nyekundu. Rangi haivuti radi, na kioo pia hakivuti. Hasara yake ni kwamba mtu akishafunika kioo anajiona salama, akaenda kusimama mlangoni kuangalia mvua, au akaacha simu kwenye chaji akaongea nayo hivyohivyo. Simu isiyo na waya haina shida. Hatari iko kwenye waya wa ukutani, kwa kuwa radi ikipiga nguzo ya umeme inaweza kuingia kwa njia hiyo. Chomoa vitu mapema, kaa mbali na mlango, na kama uko ufukweni toka majini. Hesabu sekunde toka unapoona mwanga hadi unaposikia mlio, gawanya kwa tatu, unapata kilometa. Ukiisikia ngurumo, tayari iko karibu vya kutosha kukufikia. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Bati nalo linasingiziwa kwamba linavuta, wakati kinachohusika zaidi ni urefu wa jengo na mahali lilipo. Nyumba ya nyasi si salama zaidi, na inashika moto. Shule na makanisa ya mlimani yangefaa kuwa na kinga ya radi yenye waya mnene uliozikwa ardhini.

Na aliyepigwa? "Usimguse, bado ana umeme." Hana. Mwili haubaki na chaji. Moyo wake huenda umesimama, na kila dakika ya kumwogopa inamwondolea nafasi ya kuishi. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri.

Tuingie kwenye jua. Mgeni kutoka Dar es Salaam akishuka hapa mwisho wa reli hushangaa saa kumi na mbili na nusu jioni jua bado lipo. Anaambiwa ni ziwa linalishikilia, au ni kwa sababu tupo juu. Ukweli ni kwamba Tanzania nzima inatumia saa moja, iliyopangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tupo kwenye 29.6. Kila nyuzi ni dakika 4 za safari ya jua. Jua linachelewa kwetu kwa takribani saa nzima ukilinganisha na saa ya ukutani, na kwa dakika 39 hivi ukilinganisha na Dar. Wa ng'ambo, Kongo na Burundi, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo zinakaribia kulingana na jua lenyewe. Chomeka kijiti uani uone: kivuli kifupi kabisa hapa kinaanguka karibu na saa saba mchana. Kwa wanaofunga Ramadhani hili si jambo dogo. Adhana ya magharibi inayotoka redioni Dar ikikukuta Ujiji, jua lako bado liko juu ya maji.

Kuhusu mwezi na dagaa, wavuvi wetu wako sahihi kwa tendo: mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi inapumzika. Ila utasikia kwamba dagaa "wameenda Kongo" au wameudhika na mwezi. Hawajaenda popote. Dagaa hushinda chini zaidi majini mchana. Giza likiingia hupanda kuwafuata vijidudu vidogo vya majini wanavyovila, navyo hupanda usiku kukwepa kuonekana. Karabai, na siku hizi taa za sola, huvikusanya vijidudu na dagaa pamoja. Mwezi mpevu ukiwa angani, taa inapoteza nguvu yake, na samaki wanabaki chini au wanatawanyika. Wazoefu wanajua zaidi ya hapo: mwezi hukawia kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo siku chache baada ya mwezi mpevu kuna kipande cha giza mapema jioni cha kufanyia kazi.

Kuna na hili la mwezi mchanga kulala chali kama bakuli, eti umeshika maji na mvua haitanyesha. Huku karibu na Ikweta mwezi mchanga karibu siku zote unalala, na unalala sawasawa zaidi kuelekea Juni na Julai, na tena mwanzoni mwa Desemba. Juni na Julai ni kiangazi kikavu. Desemba tunatembea kwenye tope. Mlalo uleule, hali ya hewa kinyume kabisa. Unatokana na pembe ya njia ya jua na mwezi dhidi ya upeo wa macho, na mvua haihusiki.

Kilimia kinastahili heshima zaidi. Wazee walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kalenda, na ni kalenda nzuri. Kwetu kinachomoza jioni mashariki kuelekea katikati ya Novemba, mvua zikiwa zimeanza, na kinapotelea kwenye mwanga wa jua mwezi Mei, mvua zikiwa zinaondoka. Anayedhani kilimia ndicho kinacholeta mvua ndiye anayepotea, kwani mwanga wake unaouona leo uliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mwenye mvua ni jua. Mapema Oktoba linapita juu ya utosi wetu saa ya adhuhuri, kijiti chako kinakosa kivuli, kisha linaelekea kusini na ukanda wa mvua unalifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Mapema Machi linapita tena likirudi kaskazini. Ukitaka kupanga shamba kwa anga, angalia vyote viwili, kilimia na kijiti, lakini usipande kabla udongo haujalowa.

Kimondo kikikatiza, mtu mkubwa amefariki, wanasema. Ni chembe ya mawe, mara nyingi ndogo kama punje ya mchanga, inayoungua kilometa 80 hadi 100 juu yetu. Usiku wa Julai wenye anga safi, mbali na taa za mjini, utaona kadhaa kwa saa. Nuru inayotembea polepole bila kumeta nayo si ungo wa mchawi. Ni setilaiti, inapigwa na jua ambalo kwetu limeshazama, na ndiyo maana unaiona zaidi jioni na alfajiri.

Tunarudi ndani. Mjusi wa ukutani hana sumu, anakula mbu na nondo, mwache. Chakula kifunike kwa sababu za usafi tu. Bundi ndiye anayeonewa. "Akilia juu ya bati, kuna maiti." Fikiri nani anayemsikia bundi saa tisa usiku. Nyumba iliyolala haimsikii. Nyumba yenye mgonjwa, ambako watu wanakesha na taa inawaka, ndiyo inayomsikia, na ndiyo ambayo wakati mwingine inafiwa. Bundi alipita kwa majirani wote, ila hakuna aliyekuwa macho kumhesabu. Huyu wa darini, mwenye uso mweupe, anakaa hapo kwa sababu una panya. Chini ya anapolala utakuta madonge ya kijivu aliyoyatapika. Ukilivunja moja kwa vijiti unatoa mafuvu, mataya yenye meno marefu ya mbele, na manyoya: panya watupu, waliokuwa wanakula mahindi yako. Ukimpiga mawe bundi, umewalinda panya.

Na panya wakizidi, nyoka anawafuata. Hapa pana dhana nyingine ya kutisha familia: ukiua nyoka, mwenzake atakuja kulipa kisasi. Nyoka hawaishi kama mume na mke, wala hawakumbuki mtu. Wa pili akija, amefuata panya walewale na rundo lilelile la matofali nyuma ya jiko. Hata swila wa majini wa ziwa hili, ambaye ana sumu kali kweli, kazi yake ni samaki, na akikuona hukwepa.

Mtu akiumwa, kamba ya kubana, wembe wa kuchanja, kunyonya kwa mdomo, petroli na jiwe jeusi havitoi sumu. Jiwe hung'ang'ania kidonda kwa sababu linafyonza unyevu, na aliyepona baada yake mara nyingi aliumwa na nyoka asiye na sumu au aliyeng'ata bila kuimwaga. Kamba inaweza kuozesha mguu. Mvue pete na viatu kabla hajavimba, mlaze, kiungo kisitikisike, na apelekwe hospitali akiwa amebebwa au kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, asitembee. Usipoteze muda kumfukuza nyoka ili umpeleke naye. Mwonekano wake unatosha kusimulia. Akitemewa machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, asifikiche, kisha naye apelekwe hospitali.