Ukipasuliwa tumbo, usigande kitandani

"Mwacheni alale, akiinuka nyuzi zitakatika." Kauli hii haikosi wodini saa za kuona wagonjwa, mara nyingi kutoka kwa shangazi aliyeshika chupa ya uji.

Nyuzi hazikatiki kwa kutembea. Tumbo hufungwa tabaka kwa tabaka, na kinachobeba mzigo ni utando mgumu wa misuli, si ngozi unayoiona. Balaa liko kwenye kulala chali siku nzima: damu huganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge likichomoka hadi mapafuni linaweza kuua. Makohozi hutuama, nimonia ikaingia. Utumbo nao huzubaa, ndiyo maana nesi anakuuliza bila haya kama umeshajamba. Siku hizi wagonjwa wengi huinuliwa siku ileile au kesho yake, daktari akiruhusu.

Kuinuka kuna namna yake. Geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Ukikohoa, kandamiza mto au kanga iliyokunjwa juu ya mshono.

Kinachonishangaza ni kwamba mama huyohuyo aliyekatazwa kutembea wodini, wiki ya pili nyumbani anaachiwa ndoo ya maji ya lita 20. Hizo ni kilo 20! Hapo sasa ndipo pa kumzuia. Kwa wiki sita hivi za mwanzo, aliyejifungua kwa operesheni hushauriwa asibebe kizito kuliko mtoto wake. Ngozi huwahi kufunga, lakini utando wa ndani huchukua miezi kukomaa, na ukiachia, henia (ngiri, yaani utumbo kuchomoza kupitia palipoachia) hutokea palepale kwenye mshono.

Wengine hudhani kabla ya operesheni ni kulala tu, kutunza nguvu. Kwa operesheni ya kupangwa, mwili uliozoea kutembea hupona vizuri zaidi, basi anza wiki kadhaa kabla, na sigara uache mapema. Dharura ni habari nyingine.

Kukandwa tumbo kwa maji ya moto? Kwa aliyepasuliwa, hapana. Yanaunguza, na hayasafishi chochote ndani. Mkanda wa tumbo unaweza kupunguza maumivu, ila haujathibitika kuzuia henia.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, au mshono ukitoa usaha au ukalowesha bandeji kwa majimaji, rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.